Mkono Usioachia

Dada yangu Dama ana miaka hamsini, na kwa miaka ishirini na sita kati ya hiyo ameitwa mvivu. Ningeweza kulizuia jina hilo siku lilipotolewa. Nilikuwepo, niliulizwa, na nilijibu. Kwa hiyo ninapoandika maisha yake inanibidi niandike na yangu kidogo, ingawa ningependa kukaa nyuma yake kama nilivyozoea.

Tulizaliwa kijiji kimoja upande wa Tarasaa. Babu yetu alikuja kutoka kusini, Mgiriama aliyefuata udongo unaoachwa na mto. Baba yetu, Mzee Karisa, alilima mahindi na mpunga kidogo, na mafuriko yakiwa ya heshima tulikula mwaka mzima.

Tangu utoto mwili wa Dama ulikuwa na tabia yake. Akikimbia hatua hamsini miguu inakuwa migumu kama nguzo, anasimama pale pale. Akifua nguo haraka haraka, vidole vinakunjika juu ya nguo vinakataa kufunguka. Hakuwa na maumivu ya kumliza. Akikaa dakika chache kila kitu kinalegea, anainuka kama si yeye. Asubuhi za baridi ilikuwa mbaya zaidi. Kanisani, akifumba macho kwa nguvu wakati wa maombi, watu wanasema amina na kukaa, yeye bado amefumba. Mama alidhani binti yake ana maombi marefu kuliko sisi sote.

Mimi nilikuwa vivyo hivyo, na hakuna aliyejua.

Nilijifunza kuficha mapema. Nikiwa na miaka kumi na miwili tulipanda miti ya mikoma na wenzangu kuonja tembo la mgema bila ruhusa. Nilipanda kwa mbio ili nifike wa kwanza, na nilipofika juu mikono ikashika shina na haikuachia. Tukasikia mgema anakuja. Wenzangu wakateremka wakakimbia, mimi nikabaki juu nimekumbatia mti. Mgema alipofika chini nikamwambia nimeona nyoka, naogopa kushuka. Alicheka mpaka akakaa chini. Mwezi mzima kijiji kiliniita mwoga, na niliona nafuu. Waoga wako wengi.

Dama hakuwa na pa kujifichia. Mvulana anaweza kusema anakwenda kutazama mitego, akakaa kichakani mpaka miguu ilegee. Kazi za msichana zote zina watu wanaozitazama. Nilimwona akishindwa kuachia kamba ya ndoo, nikajua hasa anachosikia mkononi, kisha nikaangalia pembeni.

Aliolewa na Mwaro, mkulima wa ng'ambo ya mto, mtu mpole. Kwetu mke mgeni hupimwa kwenye kinu. Wanawake watatu husimama kukizunguka kinu kimoja, kila mmoja na mchi wake, wakapokezana. Wa kwanza akiinua, wa pili anashusha, wa tatu yuko tayari. Wimbo unaongezwa mwendo na michi inaongezwa mwendo. Anayekosa zamu mchi wake unagongana na wa mwenzake, na mahindi yanaruka.

Mipigo ishirini ya kwanza hakuna aliyempita Dama. Alikuwa na mikono minene na pumzi nzuri. Baada ya hapo mikono ilikaza, mchi ukabaki hewani, michi ya wenzake ikagonga wake. Akasimama ameushika, hawezi kuushusha wala kuutupa. Wanawake wakamwambia aache mzaha. Akaenda kukaa kivulini na mchi wake mkononi, na baada ya muda mfupi akarudi, mzima, anatabasamu kwa aibu, yuko tayari kuanza tena. Hapo ndipo walipomshuku. Mtu mgonjwa hukaa siku tatu, hutapika, huwa na joto. Huyu anapona kwa kukaa chini tu.

Mama mkwe wake hakuwa mkatili. Alimvumilia miaka mitatu. Alimpeleka zahanati, mwendo wa saa mbili polepole kwa miguu, na walipofika mikono ilikuwa laini. Mganga akaishika, akaibonyeza, akasema huyu ana nguvu kuliko mimi. Alimpeleka na kwa mganga wa kienyeji, naye hakuona kitu. Katika miaka hiyo Dama alizaa mtoto wa kike, Elsie. Mtoto alipofikisha miaka miwili wazee wa kwa Mwaro walikuja kwetu, na Dama nyuma yao na mtoto mgongoni.

Siku hiyo naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu. Walikuwa wazee wawili, na shangazi wa Elsie pamoja nao. Aliyesema alikuwa mjomba wake Mwaro, mrefu, mwenye sauti ndogo.

"Karisa, hatukuja kugombana," alisema. "Tumekuja kuuliza. Mikono hii ya mke wetu, ni ya kwenu? Kama ni ya damu, tuambie, tutajua ni ugonjwa, na leo leo tutarudi naye. Mgonjwa hafukuzwi. Anayerudishwa ni mvivu."

Baba alifikiri, kwa sababu alikuwa mtu wa haki. "Mimi sina," akasema. "Mama yao hana. Wazee wangu sikuwaona nayo."

"Na huyu kijana?"

Nilikuwa nimesimama na kata ya maji, nikiwapa wageni. Nilikuwa na miaka ishirini. Wiki mbili kabla yake baba alikuwa amepeleka posa yangu kwa wazazi wa Truphena, na jibu lilikuwa halijarudi. Dama alikaa kwenye kizingiti, Elsie amelala mapajani mwake.

"Wewe Changawa," yule mzee akaniuliza, "mikono yako haijawahi kukukatalia?"

"Haijawahi," nikasema. "Mikono yangu mizima."

"Basi," akasema mzee. Akanywa maji, akanirudishia kata, akanishukuru.

Waliondoka na Elsie, kwa kuwa mtoto ni wa kwao. Dama alimfunga vizuri mgongoni kwa shangazi wa mtoto, akakaza fundo. Kisha akaingia ndani. Mimi nilikwenda shambani nikalima mpaka jioni, polepole, kama ninavyolima siku zote.

Truphena nilimpata. Tumeishi vizuri. Alinijua mwaka wa kwanza, kwa sababu mke hafichwi mikono, akaniuliza, "Hii si ndiyo ya wifi?" Nikamwomba anyamaze. Amenyamaza, ila kila Dama akitajwa na watu alikuwa ananitazama, na mimi nilikuwa natafuta kitu cha kutengeneza.

Kutengeneza ndiyo kazi yangu. Niliishia darasa la nane, nikajifunza redio kwa fundi mmoja hapa Garsen, na simu zilipokuja nikajifunza simu. Nina kibanda karibu na njia ya kwenda soko la mifugo. Ni kazi ya kukaa na ya kwenda pole, hakuna mtu anayemharakisha fundi akifungua skrubu ndogo. Shida yangu ni misiba. Vijana na wanaume hupokezana koleo kwa kasi, na mimi zamu yangu ikifika nilikuwa nachimba kama mtu anayepepeta mchele. Jirani yangu Masha ana maneno yake: "Changawa akichimba kaburi, maiti anaota ndevu." Watu wanacheka, na mimi nacheka. Mwanamume akienda pole, wanasema ni mtaratibu. Jina baya lilimwendea Dama peke yake.

Hakuolewa tena. Alirudi kwenye nyumba ya nyuma ya baba, akalima kipande chake. Kwa kuwa hakuweza kwenda na mwendo wa wengine, alianza kabla yao. Nyota zikiwa bado juu Dama yuko shambani, jembe moja, anapumzika, jembe moja. Wanawake wakipita saa mbili asubuhi wanamkuta amekaa chini ya mwembe mdogo, na shamba nyuma yake limekwisha paliliwa. Hawakuona shamba. Walimwona amekaa. "Mama wa kivuli," wakamwita. Alisuka mikeka mizuri, kazi ya vidole visivyoharakishwa, na ukienda nyumba nyingi za Tarasaa hadi Minjila utalalia mkeka wake. Alimuuguza mama miaka minne na baba miwili, akawazika.

Elsie alikulia kwa nyanya yake, ambaye kwetu tunamwita hawe. Dama alikuwa akimwona sokoni, au kwenye misiba. Mtoto alimpa shikamoo kama anavyompa mama yeyote anayepita. Alipokuwa na miaka kumi walikutana kwenye matanga ya mtu wa ukoo, na mbele ya wanawake wengine akamuuliza, bila ubaya, kama watoto wanavyouliza: "Wewe ndiye uliyeshindwa na mchi?"

Dama akasema, "Ndiye mimi."

Aliponisimulia hilo nilikuwa natengeneza redio ya baba. Nikamwambia watoto hawajui wanalosema. Hayo ndiyo maneno yote niliyompa.

Mafuriko ya mwisho wa mwaka 2023 yalituondoa mashambani. Maji yalipanda kwa siku mbili, na watu walihamia kwenye kambi za mahema, juu barabarani. Nilikwenda na mashua ya waokoaji kumchukua Dama. Alikuwa amebeba magunia ya mbegu kutoka ndani hadi paa la jikoni, peke yake, kwa haraka, kwenye maji ya baridi. Tulimkuta ameshika nguzo ya paa kwa mikono miwili. Mwokoaji alimwambia aachie, aingie. Hakuweza. Yule kijana wa mashua alidhani ni hofu, akaanza kumbandua kidole kimoja kimoja. Mimi nilikaa ndani ya mashua nikishika ukingo, najua kwamba anachohitaji ni dakika tano tu, na sikusema.

Kambini kulikuwa na hema la matibabu, na ndani yake tabibu kijana wa Kiorma, Tadicha. Alimsafisha Dama vidole vilivyochubuka, akamuuliza ilikuwaje. Dama alimweleza jinsi alivyozoea kueleza, kwa kujishtaki.

"Mimi ni mvivu, mwanangu. Mikono yangu inachoka upesi."

"Haijachoka, mama. Nguzo umeivunja gome." Akampa vidole vyake viwili. "Nikamue. Achia. Nikamue tena. Haraka. Haraka zaidi."

Dama akamkamua mara kumi na tano. Mara ya kumi na sita hakuachia. Tadicha alikaa amekamatwa hivyo, mkono wa pili akitafuta saa yake, wagonjwa wengine wakichungulia na kucheka.

"Tabibu ameposwa," mmoja akasema.

"Mwacheni, nahesabu," Tadicha akasema. Vidole vilipolegea akamwambia, "Mama, sijui ni nini. Lakini mtu mvivu angeniachia mapema."

Yeye ndiye aliyeandika barua. Ilichukua zaidi ya mwaka. Kulikuwa na daktari wa misuli, mwanamke, aliyekuja Malindi mara moja kwa mwezi. Damu ya Dama ilitolewa, ikapelekwa mbali, na mwaka huu mwezi wa tatu tukaitwa kusikia majibu. Nilimsindikiza, kwa sababu mimi ndiye ndugu yake aliye karibu, na kwa sababu sikupata sababu ya kukataa.

Daktari aliandika kwenye karatasi herufi na tarakimu: ATP2A1. Akasema hiyo ni jeni. Jeni ni agizo lililoandikwa ndani ya mwili, ambalo mtu hurithi, la jinsi ya kutengeneza kitu fulani. Agizo hili ni la kutengeneza pampu.

"Pampu?" Dama akauliza. "Kama ya shamba la mpunga?"

"Kama hiyo, ila ndogo, haionekani kwa macho. Msuli umejengwa kwa chembe nyingi. Ndani ya kila chembe kuna ghala lenye ukuta mwembamba, kama utando, na ndani ya ghala kuna kalsiamu. Ukitaka kukunja mkono, milango inafunguka, kalsiamu inamwagika nje ya ghala, msuli unakaza. Ukitaka kuachia, pampu zilizo kwenye ule utando zinairudisha kalsiamu ghalani, msuli unalegea. Pampu zako ni dhaifu. Ukienda polepole zinawahi. Ukienda haraka kalsiamu inafurika, na mkono unabaki umekaza mpaka zimalize."

Dama alifikiri. "Kwa hiyo nikikaa chini?"

"Ukikaa, zinamaliza kazi."

"Miaka yote wananiona nimekaa," Dama akasema, "kumbe ndani kuna anayeteka maji."

Daktari alicheka, na Dama akacheka. Daktari akaendelea. Alisema ugonjwa huu ni wa nadra, hauui, na dawa zipo ambazo huwasaidia baadhi ya watu. Lakini kabla ya kupasuliwa kwa lolote, wenye kutoa dawa ya usingizi lazima waambiwe. Kwa hiyo ni muhimu ndugu wajulikane. Baba alikuwa na agizo moja zima na moja bovu, na mama vivyo hivyo, ndiyo maana wao hawakuumwa. Dama alipata mabovu yote mawili. Mtoto wake amepata moja tu kutoka kwake, na hilo moja halimkazi mtu. Kila mtoto wa wazazi wale alikuwa na nafasi moja kati ya nne ya kuupata.

Akanigeukia. "Wewe je, kaka?"

"Mimi niko sawa, daktari."

Alitazama mikono yangu. Nikaitia mifukoni. Ilikuwa mara ya pili kuulizwa swali lile katika maisha yangu, na nilikuwa na miaka arobaini na sita.

Tulipotoka jua lilikuwa limepinda na basi la mwisho la kuja Garsen lilikuwa limekwisha kuwasha injini. Kondakta alituona na mifuko yetu akatupungia. Tukakimbia. Sikufikiri. Dama alikuwa mbele yangu hatua mbili, na mimi niliogopa kulala Malindi. Tulikimbia kama hatua sitini, kisha Dama akasimama. Hatua tano mbele yake nami nikasimama. Nilijaribu kuinua mguu, ukakataa, na mfuko nilioushika ulikuwa umeganda mkononi.

Tulisimama hivyo katikati ya uwanja, wazee wawili wima kama vigingi, pikipiki zikitukwepa.

"Nyinyi mnakuja, au mnapigwa picha?" kondakta akaita.

Abiria walicheka dirishani. Sikuweza kugeuka vizuri. Nilimsikia Dama nyuma yangu akipumua. Kisha akasema taratibu, kama anayesoma kitu kilichoandikwa mgongoni mwangu.

"Na wewe."

"Ndiyo," nikasema.

"Tangu lini?"

"Tangu utotoni."

"Siku wale wazee walipokuja. Ulikuwa unajua?"

"Nilijua, dada."

Miguu yake ililegea kabla ya yangu. Alinipita bila kunitazama usoni, akapanda basi, akakaa kando ya mama mmoja mwenye mtoto. Mimi nilipanda nyuma. Tulipofika Garsen alishuka akachukua pikipiki ya kwenda Tarasaa. Hakuniaga.

Miezi mitatu hakusema nami. Nilimpelekea unga, akampa jirani mbele yangu. Truphena alikwenda kumwona akapokelewa vizuri, akarudi akasema, "Wifi hana hasira ya kelele. Yeye anafikiri." Hilo lilinitia hofu zaidi.

Siku moja mwezi wa sita alikuja kibandani. Akaweka simu yake mezani.

"Ina shida gani?" nikauliza.

"Haina shida. Nimeiweka ili watu wasiulize." Akakaa kwenye kibao cha wateja. "Changawa, yale ya jeni nitamwambia Elsie mwenyewe, nina karatasi. Lakini kuna jambo ambalo karatasi haisemi. Mwanangu amekua akijua kwamba tuliulizwa kama mimi ni mgonjwa na tukakosa jibu. Nataka ajue kwamba jibu lilikuwepo, limesimama pale, limeshika kata. Umwambie wewe. Mimi nikimwambia, itakuwa nimetafuta wa kumlaumu."

"Nitamwambia, dada."

"Usimwambie kwamba nimekutuma kwa hasira."

"Umenituma kwa nini?"

Alichukua simu yake. "Nina miaka hamsini. Nataka aje nyumbani kwangu mara moja kabla hajazeeka na yeye."

Sasa, huyu Elsie hakuwa mbali. Ana kibanda cha chai na maandazi mlangoni mwa soko la mifugo, mita mia mbili kutoka kwangu. Nimekunywa chai yake karibu kila asubuhi kwa miaka sita. Ananiita mjomba, ananiongezea maziwa, na simu yake ikiharibika naitengeneza. Mara nyingi aliniuliza mambo ya mto, mafuriko, bei ya vioo vya simu. Juu ya mama yake hakuwahi kuniuliza, na mimi nilimshukuru kwa hilo kimoyomoyo.

Siku kumi na moja nilikwenda kumwambia, na siku kumi na moja nilikunywa chai nikarudi. Siku moja kulikuwa na wateja wengi, siku nyingine alikuwa anaumwa jino. Siku moja hakukuwa na mteja hata mmoja, kimya kizuri, nikamuuliza kama kuni za siku hizi zina moshi. Truphena aliniambia, "Tumbo litajaa chai kabla hujasema."

Siku ya kumi na mbili ilikuwa Jumatano, siku ya soko. Nilifika saa kumi na mbili na nusu. Elsie alikuwa anaepua maandazi.

"Mjomba, chai ya kawaida?"

"Sitaki chai leo, mwanangu."

Akanitazama. "Basi una neno."

Kulikuwa na wachuuzi wawili wa mbuzi kwenye benchi. Nilifikiri ningoje waondoke. Kisha nikakumbuka kwamba Dama alipohukumiwa hakuna aliyengoja watu waondoke, nikasema hapo hapo. Nilisema vibaya. Nilianza na pampu nikaacha, nikaanza na wazee, nikarudi nyuma hadi kwenye mikoma. Elsie aliweka kijiko kando.

"Sikuelewi, mjomba. Sema moja."

"Wazee wa kwenu waliuliza kama ile mikono ni ya damu. Walisema ikiwa ya damu watarudi na mama yako. Wakaniuliza mimi. Mimi ninayo, ile ile. Nikasema sina."

Mchuuzi mmoja aliacha kutafuna.

"Ulikuwa na miaka mingapi?" Elsie akauliza.

"Ishirini."

"Mimi nilikuwa na miwili."

"Ndiyo."

"Hawe alikuwa anajua?"

"Hapana. Hawe wako hakumdanganya mtu. Waliuliza vizuri. Aliyedanganya ni mimi."

Aligeuka akayatazama mafuta, akapunguza moto. Nilidhani atalia, au atanitukana, na nilikuwa tayari kwa lolote. Aliokota maandazi mawili yaliyokuwa yameanza kuungua akayaweka pembeni.

"Miaka sita unakunywa chai hapa," akasema.

"Ndiyo."

"Na mimi nakuongezea maziwa."

Mchuuzi wa pili akasema, "Dada, mimi naomba..." na mwenzake akamkanyaga mguu.

Elsie alifungua leso aliyojifunga kiunoni, akaikung'uta unga, akaikunja. Akatoa simu akampigia kijana wa pikipiki, akamwambia aje, anakwenda Tarasaa. Nilisimama.

"Nikupeleke," nikasema.

"Sitaki kwenda na wewe, mjomba." Hakusema kwa ukali. Alisema kama anavyosema maziwa yamekwisha. "Kaa hapa. Maandazi yaliyo kwenye ungo yaishe. Usizime moto."

Pikipiki ilikuja akapanda. Sijui walisema nini kule. Hawajanisimulia, na sina haki ya kuuliza. Ninachojua ni kwamba hakurudi mpaka jioni.

Mimi nilikaa nyuma ya meza ya Elsie siku nzima ya soko, nikikoroga na kumimina. Watu walijaa, wakaniharakisha, na kufikia saa nne mkono wangu ulikaza juu ya kishikio cha birika. Sikuuficha. Niliuweka mezani mbele yao mpaka ulegee. Masha alikuwa kwenye foleni, akatazama ule mkono ulioshika birika, na mara hii hakupata neno la kuchekesha.

Mama mmoja aliyekuwa nyuma yake akauliza mwenye kibanda yuko wapi.

"Amekwenda kwa mama yake," nikasema.

"Kwani mama yake yupo?"

"Yupo. Ni Dama, dada yangu. Anaumwa misuli tangu kuzaliwa, na mimi pia."

Yule mama akaniangalia kidogo, kisha akaniuliza kama maandazi ni ya leo.